Mgeni Kwenye Picha ya Dani

"Kando! Kando nipite! Ukigongwa usilie!"

Mwenye mkokoteni hakuwa anatania. Marobota ya mitumba yalikuwa yamepanda kuliko kichwa chake, mbele haoni, na kichochoro chenyewe cha soko la Gikomba hakikutosha mbuzi wawili kupishana. Ndeti alikuwa amebeba fremu kubwa yenye picha ya harusi, kioo na vyote. Akaiinua juu ya kichwa, akaruka pembeni, akatua kwenye rafu ya magauni. Rafu ikaenda chini, magauni yakamwagika, na yeye akabaki amesimama katikati yake mikono juu, kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Yawa!" sauti ya mwanamke ikapaa. "Wewe! Macho umeyaacha nyumbani?"

Ndeti akageuka aombe radhi, na radhi yenyewe akaisahau. Mbele yake alisimama msichana mweusi, mweusi hasa, ule weusi wa kung'aa usiohitaji mafuta, amevaa gauni la manjano lenye kamba nyembamba mabegani. Kazi ya Ndeti ilikuwa picha. Alikuwa na studio ndogo pale Majengo, na kutwa alikuwa akitazama nyuso za watu kwenye kompyuta. Lakini rangi mbili kupatana namna ile, wallahi, hakuwa amewahi kuona.

"Pole, dadangu. Haki pole."

"Pole itayapiga pasi hayo magauni? Weka chini hiyo harusi ya watu, uokote."

Akaokota moja moja, akapangusa, akatundika, naye msichana amemsimamia mkono kiunoni.

"Hilo umelipindua. Kwani huko kwenu gauni huvaliwa nyuma mbele?"

Jawahir, mama wa mashuka kwenye kibanda cha pili, alicheka mpaka mtandio ukamdondoka.

"Unaitwa nani?" Ndeti akauliza alipomaliza.

"Adoyo. Na wewe, mharibifu?"

"Ndeti. Napiga picha. Njoo studio nikupige moja ya bure, iwe fidia."

"Aa! Kumbe ndiyo mbinu yenu. Mnaangushia watu rafu, halafu mnawaita studio."

Lakini alikwenda. Alikwenda na gauni lile lile la manjano, akapigwa picha mbele ya pazia la bluu, na tangu siku hiyo simu hazikukatika.

"Umeamka, manjano wangu?"

"Niliamka zamani, mvivu wewe. Robota likifunguliwa ukiwa kitandani unaachiwa mabaki."

"Umekunywa chai?"

"Nani ameninunulia?"

"Nakuja nayo."

"Na mahamri ya Majengo. Mawili. Na usile moja njiani, tabia yako naijua."

Alikula moja njiani kila siku, na kila siku akagombezwa. Jioni walitembea pamoja hadi Kaloleni, alikoishi Adoyo, wakibishana kama muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwao Ndeti, ni chakula au adhabu. Ndeti alikuwa amependa, na hakuwa na shaka nalo.

Siku moja Adoyo akaja studio akiwa kimya, jambo ambalo si kawaida yake. Akatoa mkobani kitambulisho cha kazi cha marehemu mama yake, aliyekuwa karani wa baraza la jiji. Plastiki ilikuwa imezeeka, picha ndani yake imeingia giza.

"Hii ndiyo picha ya pekee tuliyo nayo," akasema. "Nilipokuwa mkubwa hatukuwahi kupigwa pamoja. Kila mara tulisema wiki ijayo, wiki ijayo. Sasa tunakwenda nyumbani kwa ibada ya kumkumbuka, na Dani anataka picha yetu ya kutundika sebuleni."

Dani ndiye bibi yake, mzaa mama, huko Siaya.

"Nataka mama akae kitini, mimi nisimame nyuma yake. Unaweza?"

"Naweza, mpenzi. Picha ya manjano ninayo tayari. Nitawaweka pamoja mpaka Dani aulize mlipigwa lini."

Adoyo akacheka kidogo. "Dani humdanganyi. Umri ule, na bado anachambua mchele bila miwani. Unajua mama aliniita nani? Rateng'. Mweusi wangu. Alisema rangi hii alipewa na Dani, naye Dani akapewa na mamake. Hakuna mtu aliyeniita hivyo tangu aondoke."

Akamshika Ndeti mkono, akaubana. "Itengeneze vizuri, tafadhali."

Ndeti aliitengeneza kwa moyo wake wote, na hapo sitaki mtu amsingizie. Picha kama ile hupangwa kwa leya, moja juu ya nyingine: chini pazia la bluu, juu yake Adoyo, juu kabisa mama kwenye kiti chake, mwili ameazimiwa kwenye picha nyingine. Uso wa mama ulikuwa na lile giza la plastiki, kwa hiyo akaweka leya ya mwanga juu yake, amng'arishe kidogo. Sasa, mwanga wa namna hiyo hauna adabu. Usipoubana ushike leya moja tu, unamwagikia kila kitu kilicho chini yake. Ndeti alikuwa anajua hivyo tangu anajifunza kazi. Siku hiyo akasahau kuubana.

Mama akatoka gizani, akapendeza. Na hapo hapo Adoyo naye akabadilika. Weusi wake ukayeyuka, ukawa maji ya kunde, kisha zaidi ya maji ya kunde. Hata gauni likapauka.

Kurudisha ilikuwa kazi ya kubofya mara moja tu. Kidole cha Ndeti kilikuwa tayari juu ya kipanya. Lakini akatazama tena, na mawazo yake yakaenda Machakos.

Machakos alikuwako mama yake, Mwaitu kama walivyomwita kwa Kikamba, na alikuwako Kavindu, dada yake mkubwa, mwenye ulimi wa wembe. Msichana wa kwanza ambaye Ndeti aliwahi kumpeleka nyumbani, Kavindu alimwita sufuria ya muthokoi, kwa jinsi alivyokuwa mweusi, na nyumba nzima ikacheka. Ndeti naye alicheka! Huyo msichana hakurudi tena. Na sasa ulikuwa ni mwezi mzima Kavindu akimsumbua atume picha ya huyo Mjaluo wake, naye akimpiga chenga.

"Kwa hii hatakuwa na la kusema," Ndeti akajiambia. Akaituma vile vile ilivyo.

Simu ikalia hata chai haijapoa.

"Ndeti! Huyu ni nani, malaika? Mwaitu, njoo uone! Yaani mrembo hivi ulikuwa unamficha kwa nini? Jumapili Mwaitu ataionyesha kanisa zima!"

Ndeti akacheka. Baada ya hapo angeweza bado kuurekebisha ule mwanga kabla ya kuchapisha. Akawaza: Kavindu ameshamwona hivi. Siku ya harusi atapakwa poda kama maharusi wote, nani atakumbuka? Na kwani hajapendeza? Akaipeleka ikachapishwa hivyo hivyo, kubwa, ikatiwa fremu ya mbao, akaifunga kwa karatasi ya khaki na kamba mpaka haionekani hata pembe.

Adoyo alipokuja kuichukua alitaka kuichungulia, kisha akajizuia.

"Hapana. Nitaifungua mbele ya Dani. Tuione pamoja."

"Wazo zuri," Ndeti akasema haraka mno. Adoyo alipombusu shavuni, Ndeti aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Simu ya Adoyo ilikuja Jumamosi mchana. Nyuma yake zilisikika nyimbo za kanisani na sufuria zikigongana.

"Ndeti, umefanya nini na picha?"

"Kwani ina nini, mpenzi?"

"Tumeifungua mbele ya watu wote. Dani ameishika, amemtambua mama papo hapo, amempapasa uso, analia. Halafu akaniuliza..." Sauti ikamkatika. "Akaniuliza, 'Na huyu mgeni aliyesimama na mwanangu ni nani?' Mimi nilikuwa nimekaa hapo kando yake, Ndeti! Shangazi akanivuta jikoni, akaniuliza ni mafuta gani ninayojipaka huko Nairobi. Siku ya mama yangu!"

Ndeti aliketi. Ukweli alikuwa nao mdomoni, na alijua ulivyo. Alichotoa ni nusu yake.

"Ni kosa la kazi, Adoyo. Nilisahau kuubana mwanga kwenye leya ya mama. Ukakumwagikia na wewe. Haki nisamehe, nitachapisha nyingine."

Akasikia Adoyo akishusha pumzi ndefu.

"Sawa. Nilijua haikuwa kusudi. Nimewaambia hivyo hivyo, kwamba Ndeti wangu hawezi." Akavuta kamasi, akacheka kidogo. "Mharibifu wewe. Toka zamani."

Angekuwa amemtukana, Ndeti angelala vizuri. Alivyosamehewa ndivyo alivyoumia. Adoyo aliporudi alimletea njugu na samaki wa kukaushwa kutoka kwa Dani, na kila kipande kilimshuka Ndeti kwa shida. Picha mpya hakuichapisha. Kila alipoifungua kwenye kompyuta alijiona mwenyewe, kidole juu ya kipanya, akawaza tena yale aliyowaza. Adoyo akimuuliza, anasema wino umeisha, mara mashine ya kuchapisha imekwama.

"Basi nifundishe nikusaidie," Adoyo akasema asubuhi moja, akivuta kiti kando yake. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi na blauzi nyeupe, nywele amezifunga juu. "Na mimi nina shida yangu. Magauni ninayoweka mtandaoni yanatoka rangi za uongo, wateja wananipigia kelele."

Ndeti angeweza kukataa. Lakini amkatalie kwa lipi? Akampangia picha mbili kwenye ukurasa mmoja, chini gauni la kijani, juu gauni jekundu lililopigwa kivulini.

"Ongeza mwanga kwenye hilo jekundu."

Adoyo akaongeza, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Jekundu likang'aa. La kijani nalo likapauka, likawa kama limeloweshwa jiki.

"Hee! Mbona yote mawili?"

"Hujaubana. Bofya hapo, ushike leya moja tu."

Akabofya. Kijani ikarudi mahali pake. Adoyo akapiga makofi. "Kumbe ni rahisi hivi!" Akaufungua tena, akaubana tena, akicheka. Kisha kicheko kikapungua. Akaufungua mara nyingine, polepole, akalitazama gauni la kijani likipauka.

"Ndeti."

"Naam."

"Inaonekana papo hapo."

Ndeti akakikodolea macho kipanya.

"Ukikosea tu, unaona. Mimi sijui chochote, na nimeona." Akageuka, akamtazama usoni. "Wewe hukuona?"

Maseremala wa ng'ambo walikuwa wakigonga misumari. Ndeti aliona mlango wa uongo uko wazi, na aliona akiupita hatarudi tena.

"Niliona," akasema.

"Uliona, ukaacha?"

"Niliona, nikaacha. Nilimtumia Kavindu hivyo hivyo. Nilimwogopa. Aliwahi kumcheka msichana kwa weusi wake, nami nikacheka naye. Nikaogopa atakucheka na wewe, nikaona afadhali... Adoyo, nimekosa. Kwenye simu nilikudanganya tena. Nimekukosea wewe na mama yako."

Adoyo hakupiga kelele. Laiti angepiga!

"Siku ile Gikomba ulinitazama mpaka ukasahau kuongea. Nikasema, huyu ameniona mimi. Kumbe ulikuwa unafikiria utakavyonifua." Akasimama. "Nani mwingine ameiona hiyo picha?"

"Mwaitu. Mama yangu."

"Na nani?"

"Na... kanisa."

"Kwa hiyo kwenu wananisubiri, lakini wanamsubiri mwingine. Nikifika na uso wangu mtasema nini? Kwamba nimechomwa na jua la Gikomba?" Machozi yakamshuka, akayafuta kwa kiganja kwa hasira. "Bibi yangu mzaa mama ameniita mgeni, Ndeti. Usinipigie."

Alipiga. Haikupokelewa. Alikwenda Gikomba na chai na mahamri mawili, yote mawili mazima, na Jawahir akamzuia kwa mkono.

"Rudi nayo, mwanangu. Amesema akikuona atakuvalisha rafu shingoni, na mimi nitamsaidia."

Jumapili ikamkuta Machakos. Mama yake alikuwa amekaa kivulini nyuma ya nyumba akipeta pojo, Kavindu akimimina chai. Ndeti hakungoja kikombe. Aliweka picha mbili mezani, ile iliyopauka na ile aliyoirekebisha hatimaye, mwanga umebanwa kwa mama peke yake.

"Huyu wa pili ni dada yake?" Kavindu akauliza.

"Ni yeye mwenyewe. Huyo wa kwanza hayuko duniani. Nilimpausha mimi kwa sababu niliogopa mdomo wako."

"Wee! Mimi? Mimi huwa natania tu!"

"Utani wako ulinitia woga, Kavindu. Lakini aliyetuma ni mimi, na nimempoteza."

Mama akaweka ungo chini. Akazitazama picha zote mbili, muda mrefu.

"Ndeti, mimi ni wa rangi gani?"

"Mwaitu..."

"Nimekuuliza."

"Mweusi, Mwaitu."

"Siku niliyokupeleka shule ukiwa umeshika sketi yangu, ulinionea haya?"

"Hapana."

"Basi hiyo haya uliinunua wapi?" Akamgeukia Kavindu. "Na wewe unayecheka sufuria, umenyonya kwa nani?" Kavindu akaangalia miguu yake. Mama akaitia ile picha ya pili kwenye kiondo. "Huyo msichana anauza wapi?"

Walifika Gikomba kesho yake, soko limechacha. Mama alivaa kitambaa chake cha kijani cha kanisani na viatu vya kufunga. Kwenye kona ya marobota akamsimamisha mwanawe.

"Kaa hapa. Usinionyeshe kwa kidole. Nikimpita bila kumjua, basi hiyo picha yako bado ni ya uongo, na turudi nyumbani."

Ndeti akajibanza. Siku hiyo Adoyo hakuwa na manjano yoyote. Alivaa sweta la kahawia, leso kichwani, vumbi la robota usoni, mmoja tu kati ya wanawake waliojaa kichochoro kile wakiita wateja. Mama akaja polepole na kiondo chake. Akawatazama wa viatu. Akampita Adoyo. Ndeti akafumba macho.

Alipoyafumbua, mama alikuwa amesimama kwa Jawahir, ameshika shuka, lakini shingo ameigeuza nyuma. Akaliacha shuka, akarudi.

"Karibu mama, magauni ya kanisa yapo, size yako ninayo."

"Sitaki gauni. Wewe ni Adoyo."

"Ndiye. Tunajuana?"

"Nimekuona kwa picha."

Adoyo akakunja uso. "Picha gani?"

Mama akaitoa kwenye kiondo. Adoyo akaipokea kwa mikono miwili. Alikuwa yeye, mweusi alivyo, na manjano yake yanawaka, na mbele yake mama yake ametoka gizani.

"Mmefanana paji la uso," mama Ndeti akasema. "Mimi ni Mwaitu, mama wa yule mpumbavu. Sikuja kumwombea. Ana mdomo wake. Nilionyeshwa mtu mwingine, nikaona si haki, nije nikuone wewe."

Adoyo akaikumbatia ile picha kifuani. Akalia pale pale mbele ya wateja, na mama Ndeti akamfuta vumbi na machozi kwa pembe ya kitambaa cha kanisani. Jawahir naye akaanza kulia, bila kuulizwa na mtu.

"Yuko wapi?" Adoyo akauliza hatimaye.

"Huko nyuma ya marobota. Amejikunja."

"Mharibifu! Toka!"

Ndeti akatoka, macho chini.

"Sijakusamehe," Adoyo akasema.

"Najua."

"Ile nyingine bado iko ukutani kwa Dani. Kila anayeingia anauliza mgeni ni nani."

"Nitaipeleka hii mwenyewe, niishushe ile."

"Utaipeleka. Na utamwambia Dani ulichofanya, kwa mdomo wako, kwa Kijaluo. Mimi sitakutafsiria."

"Sijui hata neno moja."

Adoyo akanyoosha gauni ambalo halikuwa limepinda. "Siaya ni mbali. Nitakufundisha njiani."

Basi wakaenda. Sebule ya Dani ilikuwa na vitambaa vya kufuma kila kiti, na picha zimepangwa juu karibu na dari. Ndeti akapanda kwenye stuli, akaishusha ile ya kwanza, akatundika ya pili. Dani akaisogelea, mgongo umepinda, macho makali. Hakuuliza mgeni ni nani. Aligusa kioo pale penye mama, kisha pale penye manjano.

"Rateng'," akasema.

Adoyo akaziba mdomo kwa mkono.

Ndeti alishuka, akapiga magoti mbele ya yule bibi, akaanza. Maneno aliyofundishwa njiani yalimtoka yamevunjika, mengine yamegeuzwa, lakini aliyasema yote: kwamba aliona, kwamba aliacha, kwamba aliogopa watu. Jasho lilikuwa linamtiririka. Dani alimsikiliza mpaka mwisho bila kumsaidia. Kisha akaitazama picha, akamtazama yeye, akasema maneno mengi kwa mjukuu wake na kwenda zake jikoni.

"Amesemaje?" Ndeti akanong'ona, bado yuko sakafuni.

Adoyo alikuwa anafuta macho, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya studio, alikuwa anacheka.

"Amesema Kijaluo chako kinatia huruma, inuka unywe uji. Na amesema hapo kando yangu kwenye picha kuna nafasi ya mtu mmoja." Akampa mkono amwinue. "Ila siku utakayojiweka hapo, anataka akuone na rangi yako hiyo hiyo."